Kinyozi wa Wodi ya Wanaume

Mume wangu ni kinyozi, na wahenga walishasema kinyozi hajinyoi. Hawakusema jinsi anavyokuwa mgonjwa mbaya akinyolewa na mwingine.

Alilazwa kwa ajili ya ngiri. Alipasuliwa salama salimini, na daktari akamsifu kwa kupona haraka. Aliporudi nyumbani hakuwa na habari na kisu cha daktari hata kidogo. Kilichomuuma ni wembe. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, mhudumu mmoja alikuwa amemnyoa tumbo kama mtu anayeparura magamba ya samaki.

"Mama watoto, alininyoa mkavu," aliniambia akiwa amelala chali, mkono juu ya mshono. "Mkavu! Bila maji, bila povu, bila hata salamu."

Nilidhani ni hasira za mgonjwa tu, zitapoa. Hazikupoa. Mshono ulipofunga, alitia mashine yake kwenye mkoba, akachukua brashi, sabuni na taulo mbili, akaenda hospitali kumfundisha yule mhudumu kunyoa. Nilimwambia atarudishwa getini. Mume wangu ana kichwa kigumu, na hilo si tusi, ni maelezo tu.

Hakurudishwa. Matroni, mama mmoja mnene, mkali, asiyecheka ovyo, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akacheka hadi miwani ikamshuka puani. Alipomaliza kucheka alimpandisha ghorofani, wodi ya wanaume, akamwonyesha vitanda. Walikuwapo wanaume waliolala huko wiki nenda wiki rudi, ndevu zimeota ovyo, nywele zimeshikana nyuma kwa sababu ya mto. Wengine waligeukia ukutani saa ya kutazama wagonjwa ikifika, kwa kuona haya.

"Unataka kufundisha?" matroni alimuuliza. "Basi anza kwa kufanya."

Ndiyo akaanza, na hakuacha tena. Kila Jumatano na Jumamosi asubuhi anakwenda. Walimpa kizibao cha kijani chenye maandishi mgongoni, Mhudumu wa Kujitolea, na matroni akampa sharti moja. "Hapa hunyoi mtu apendeze. Unanyoa ulichoambiwa na sista, pale ulipoambiwa. Umenielewa?" Akasema ameelewa. Matroni hakujua kwamba mume wangu anaelewa kwa masikio tu, mikono yake ina akili yake yenyewe.

Niliwahi kumchungulia akifanya kazi, siku niliyompelekea funguo alizosahau. Anamsalimu mgonjwa kwanza, hata yule asiyeweza kuitika. Anamwuliza, "Mzee, nianze?" Anachovya taulo kwenye maji ya moto, analikamua, analiweka shavuni na kungoja. Wembe mpya kwa kila mtu, mashine inafutwa kwa spiriti mpaka wodi nzima inanukia. Akimaliza anatoa kioo cha mkononi, anamwonyesha mtu kisogo chake. Mtu amelala hapo na mguu umetundikwa kwa kamba, haendi popote, haonwi na yeyote, lakini anaonyeshwa kisogo. "Mteja ni mteja," aliniambia nilipocheka. Yule mwenye mguu alikitazama kisogo chake kwa muda mrefu, kisha akaagiza apunguzwe kidogo upande wa kulia.

Sasa msidhani mimi nilikuwa malaika katika haya yote. Mimi ni mshonaji, chumba changu kimepakana na chumba chake cha kunyolea, tumetenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao. Jumamosi ni siku ambayo vichwa vinajileta vyenyewe. Yeye yuko huko anakoshukuriwa, mimi niko hapa natukanwa kwa niaba yake. Wateja walimpachika jina la Daktari. "Shemeji, Daktari bado yuko raundi?" walinipigia kelele kupitia mbao. Nami niliwajibu kwa kuwaambia wakae chonjo, kwani siku hizi akiona kichwa kinamletea maneno anakilaza kitandani. Lakini kile kizibao cha kijani nilikipiga pasi mwenyewe, kila mara, kola mpaka pindo. Kama ni lazima mume wangu afanye kazi ya bure, basi asiifanye akiwa na makunyanzi.

Jumatano moja alirudi akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Hakungoja hata nimalize kupakua.

"Leo nimeondoa ndevu, mama watoto, ndevu! Kichaka kizima, nyeupe pe, mpaka kifuani."

Zilikuwa za mzee mmoja aliyelala kitanda cha dirishani. Alianguka kwa kiharusi huko kwenye kituo cha mabasi, wapita njia wakamleta, na mpaka anafika hapo mifuko yake ilikuwa imeshafagiliwa na wajanja. Hana kitambulisho, hana simu, upande mmoja wa mwili umelala, sauti haitoki. Mapokezi walikuwa wamembandika ubaoni kama mzee asiyejulikana mwenye ndevu nyingi nyeupe, na masista walimwita Mzee Ndevu kwa kukosa jina jingine. Asipopata ndugu mpaka Jumatatu, angehamishiwa makao ya wazee wasio na watu, mji wa mbali, na kitanda kipewe mwingine.

"Na sista alikuambia umnyoe?" niliuliza.

"Aliniambia nimsafishie kando ya pua mpaka shavuni. Ule mpira wa kulishia, plasta yake haishiki kwenye ndevu."

"Kando ya pua."

"Nikasafisha. Kisha nikamtazama. Upande mmoja msitu, upande wa pili yai! Mkono wangu ungekubali kweli?"

"Sista si alisema kidogo?"

"Kidogo ni neno la watu wasiojua kunyoa."

Nikamwuliza kama walau alimuuliza mzee mwenyewe. Akasema alimshika mkono ule mzima, akamwuliza, mzee, nimalize, na mzee akambana kidole. Nikamwambia huenda alikuwa anakataa. Mume wangu aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea kula, ila polepole.

Jumamosi ikafika, na siku hiyo maji yalizidi unga. Tulikuwa na bwana harusi kitini. Alikuwa ameagiza tangu mapema kwamba hatanyolewa na mtu yeyote isipokuwa Fundi mwenyewe, na Fundi alikuwa ameahidi kurudi mapema, na mapema ilikuwa imepita zamani. Bwana harusi alianza kutokwa na jasho. Wapambe wake walianza kunitazama kana kwamba ndimi niliyemficha. Nikaweka mkasi chini, nikajifunga khanga, nikaelekea hospitali. Njiani nilijipangia maneno, na yalikuwa maneno mazuri, makali, yenye mpangilio. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Chini ya ngazi za kupandia wodini kuna benchi la mbao, na kando yake kuna lifti iliyobandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Nilisimama hapo nipumue kabla sijapanda kupigana. Kwenye benchi alikuwa amekaa bibi mmoja, magoti yamevimba, pochi mapajani, picha mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nimekuja kumwona mkaidi," nikasema, naye akatabasamu kidogo kwa adabu. Nikaona macho yake mekundu, nikajionea aibu. "Na wewe, mama?"

"Namtafuta mume wangu." Akanipa picha. "Alitoka nyumbani kwenda kumtazama nduguye, hakufika. Tumezunguka hospitali zote. Hapa mapokezi wanasema ndiyo, ameletwa mzee wa ndevu nyeupe, pandeni juu. Watoto wakapanda. Huko juu wakaambiwa hakuna mzee wa ndevu. Wakapita kitanda hadi kitanda, hayupo." Akakunja pindo la khanga yake. "Mgonjwa haendi popote kwa miguu yake, mwanangu. Ndiyo wameambiwa wakatazame huko nyuma, chumba cha maiti. Wamekwenda sasa hivi. Mimi nimekaa hapa namwomba Mungu wasimkute."

Niliitazama ile picha. Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, na kuanzia chini ya macho mpaka kifuani ni ndevu tupu, nyeupe pe, kichaka kizima.

Sijui nilimjibu nini yule mama. Najua nilimwambia asitoke hapo, na najua nilipanda zile ngazi kama msichana. Sista aliyekuwa zamu alikuwa amerudi kutoka likizo asubuhi ile ile, na hakuwahi kumwona Mzee Ndevu akiwa na ndevu. Aliwaambia wale watoto ukweli mtupu kama alivyoujua, na mume wangu wakati huo alikuwa ameshuka kuchukua maji ya moto. Mume wangu alikuwa katikati ya wodi, ameinamia mtu mwenye povu uso mzima.

"Baba watoto, acha hiyo kazi."

"Mtu ana povu, mke wangu. Mwambie bwana harusi..."

"Mkewe yuko chini!"

"Mke wa bwana harusi?"

"Mke wa ndevu zako!"

Alinielewa papo hapo. Nikamweleza yaliyobaki kwa kunong'ona: picha, watoto, chumba cha maiti. Akaweka wembe kwenye sinia. Yule mgonjwa alikuwa amenyolewa shavu moja tu, na tangu nimjue mume wangu hajawahi kuacha uso nusu. Aliuacha.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa matroni."

"Subiri kwanza tufikiri. Ukimwambia matroni hivyo, leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Mtu anatafutwa kwenye maiti na yuko hai, mimi nisubiri nini?" Aliniuliza kwa upole kabisa, nami nikamfuata.

Ofisi ya matroni iko mwisho wa korido. Mume wangu alisimama mbele ya meza yake akasema yote kwa pumzi moja: aliambiwa kidogo, akanyoa zote, sasa mzee amepotea akiwa kitandani pake. Hakumtaja sista, hakusingizia plasta. Matroni alivua miwani.

"Nilikupa sharti moja."

"Ndiyo, matroni."

"Vua kizibao, weka hapo."

Akavua, akakikunja vizuri kwa mikunjo ileile niliyompigia pasi, akakiweka mezani. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa sikupata uchungu wa namna ile moyoni. Kisha akasema, "Nimekubali, matroni. Nisamehe, niwawahi kwanza," akatoka mbio, fulana ya ndani nje nje, akakata uani kuelekea chumba cha maiti.

Aliwakuta mlangoni, bado wanangoja mwenye ufunguo. Walikuwa wawili, kaka mtu mzima na dadake. Akawarudisha juu, matroni akiwa amesimama kando ya kitanda cha dirishani kuwangoja. Mzee alikuwa amefumba macho, mpira puani, plasta imeshika barabara. Ndugu zangu, alikuwa amenyolewa vizuri. Hata katika hali ile niliona kazi.

Kaka alitazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Huyu siye," akasema. "Tulimpita huyu mara mbili. Baba hana kidevu cha namna hii."

"Baba yako umewahi kukiona kidevu chake?" mume wangu akamwuliza.

Yule kaka akainama tena kukitazama kile kidevu. Dada alianza kulia. "Labda ndiye, kaka. Tazama mikono."

"Labda? Mtu anachukua baba kwa labda?" Alikuwa anapiga kelele sasa, na sikumlaumu. Mtu aliyekwisha piga moyo konde kwenda kumtambua maiti hawezi kurudi nyuma kwa urahisi. Mzee alikuwa amekonda, mdomo umekwenda upande, na uso ule watoto wake hawakuwahi kuuona tangu wazaliwe. Wakamwita baba, wakamgusa bega. Akafumbua jicho moja, likazunguka, likafumba.

Matroni alikohoa. "Siwezi kumwandika mtu kuwa ni wenu na nyinyi mnasema siye. Kama hatatambuliwa, Jumatatu anahama kama ilivyopangwa."

"Mama yenu je?" mume wangu akauliza.

"Mama hawezi ngazi," dada akasema. "Magoti."

Mume wangu akashuka. Ni lazima niwaeleze kwamba huyu ni mtu mwembamba, aliyepasuliwa ngiri, ambaye gunia la unga nyumbani tunaliburuta wawili. Nikamfuata nikimwambia mshono, baba watoto, mshono! Akaniambia mshono umepona zamani. Akapiga magoti mbele ya lile benchi, akamgeuzia mgongo yule bibi.

"Panda, mama."

"Mwanangu, mimi ni mzito."

"Panda, mama. Yuko juu, yuko hai, na mimi ndiye niliyemharibu. Panda ukatuambie kama ndiye."

Akapanda. Nilishika pochi yake na viatu vyake nikaja nyuma, mikono tayari, nikihesabu kwamba wakianguka wataniangukia mimi. Mishipa ya shingo ilimsimama mume wangu. Kaka mtu aliposhuka kusaidia alikuwa amebakisha ngazi chache tu, wakamalizia pamoja. Wodi nzima ilikuwa imeinuka kwenye mito. Yule mwenye povu upande mmoja alikuwa amekaa kitako kabisa.

Wakamshusha bibi kando ya kitanda. Akashika chuma cha kitanda, akatazama. Wanawe walikuwa wanamtazama yeye, si baba yao. Alitazama paji la uso, akashuka mpaka kidevuni, akakaa hapo muda. Kisha akanyoosha mkono, akauweka kwenye lile shavu jeupe lililokuwa halijaona jua miaka na miaka.

"Nani kamnyoa huyu?"

"Ni mimi, mama," mume wangu akasema, kichwa chini, anahema. "Nisamehe."

"Tangu kifungua mimba wangu azaliwe namwomba azinyoe," akasema bibi. "Anakataa. Anasema zimemzoea. Nikasahau kwamba huku chini kulikuwa na mtu."

"Mama," kaka akasema, "una hakika? Sisi tumemtazama mara tatu."

"Nyinyi mlizaliwa mkakuta ndevu," akamjibu bila kugeuka. "Mimi nilimkuta yeye."

Akamwinamia, akamwita. Hakumwita baba fulani. Alimwita jina la ujana, lile analolijua yeye peke yake, kwa sauti ndogo sana, na sitaliandika hapa kwa sababu si langu. Yule mzee akafumbua macho yote mawili. Nusu ya mdomo wake, ile iliyokuwa hai, ikapanda. Mkono mzima ukainuka kutoka kwenye shuka, ukatafuta, ukamkuta usoni. Watoto wake wakaanguka magotini wote wawili, yule kaka akilia kwa sauti kama mtoto mdogo, akiomba radhi kwa kumpita. Na mimi nililia, mnaonijua mtashangaa, nililia na viatu vya mtu mkononi.

(Bwana harusi, kwa wanaotaka kujua, alinyolewa na kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ndoa imesimama imara. Ananisalimu kwa shingo upande.)

Matroni alitoka, akarudi na kizibao cha kijani. Hakutoa hotuba. Alimtupia mume wangu kifuani.

"Vaa. Kuna mtu pale umemwacha na shavu moja, amenilalamikia." Kisha akapangusa miwani, akainua karatasi zake, akawa matroni tena. "Nani ndugu wa mgonjwa huyu?"

"Sisi," wakasema wote watatu kwa pamoja, na bibi akaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka korido, "Mimi ni mkewe."

Akaandika. Akageuka, akaniona mimi nimesimama katikati ya wodi ya wanaume, nje ya saa za kutazama wagonjwa, macho yamenivimba.

"Na wewe, mama? Una mgonjwa gani hapa?"

Nilimtazama yule mtu mwembamba, jasho limemlowanisha fulana, anajaribu kufunga vifungo vya kizibao na kila kimoja anakitia tundu lisilo lake. Nilisikia fahari inanipanda kifuani mpaka nikaona kifua chenyewe ni kidogo.

"Sina mgonjwa," nikasema, wasikie vitanda vyote. "Mimi ni mke wa kinyozi."